Kiraka cha Manyoya Ubavuni mwa Krentje

Kijiji cha Eldersveen, kule mkoa wa Drenthe, kilikuwa na upepo wa kawaida tu mpaka siku Hillegien Oosting aliposhika mkasi. Tangu siku hiyo wanaume wote wa pale wakawa hawana nywele za kuziba masikio, upepo ukapata pa kupigia mluzi, na mbwa wa vijiji vitatu wakawa wanakuja mbio wakidhani wanaitwa. Asiyesadiki akawaulize mbwa.

Alianza ana miaka kumi na minne, kwa kondoo wa baba yake. Akatoka kwa kondoo akaenda kwa watu, na mwenyewe alisema hakuona tofauti kubwa, ila kondoo hawaombi kioo. Kwa miaka hamsini na mmoja kiti chake chekundu kilikaa chumba cha mbele, dirisha likitazama mfereji, na kila aliyekikalia aliulizwa swali lilelile: "Fupi kiasi gani?" Na kila aliyejibu alijibu bure. Hillegien alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kusawazisha. Akikata kulia, kushoto kumezidi. Akipunguza kushoto, kulia nako kumezidi. Hivyo hivyo, huku na huku, mpaka mtu anainuka kitini kichwa kinang'aa kama yai la bata. Hata mchumba wake alikaa pale, siku mbili kabla ya harusi. Alipojiona kwenye kioo alisema anakwenda mahali kungoja ziote kidogo. Wanasema yuko Rotterdam, bado anangoja.

Kwa nini basi watu waliendelea kuja? Kwa sababu Hillegien aliona vichwa vyote vya Eldersveen chini ya nywele, na hakusema. Alijua nani alianguka na baiskeli akiwa amelewa akasema amepigwa na tawi. Alijua nani ana alama ya kiatu cha mbao utosini, na kiatu chenyewe kilikuwa saizi ya mguu wa mkewe. Maneno mengine yote aliyatoa bila kuombwa, lakini ya vichwani aliyafagia pamoja na nywele akayamwaga kwenye lundo la mbolea nyuma ya nyumba. Mboga zake ziliota vizuri ajabu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukikalia kile kiti: Jantinus Hadders, jirani wa nyumba ya pili. Mkewe Roelfien ndiye aliyemkata nywele, jikoni, taulo mabegani. Roelfien alipofariki, miaka minne iliyopita, Jantinus akaanza kujikata mwenyewe kwa mkasi wa kukatia nyama, na juu yake akavaa kofia ya sufu nyeusi, kiangazi na kipupwe. Kila siku saa nne asubuhi alikuja kwa Hillegien kunywa kahawa. Vikombe viwili, vipande viwili vya mkate wa zabibu na siagi, na maneno kama kumi na mawili kutoka kwa mzee. Yaliyobaki yote alisema Hillegien. Kofia haikuvuliwa. Hillegien asingekiri hata mumbane mlangoni, lakini kuanzia saa tatu na nusu alikuwa dirishani akijifanya anafuta kioo. Hakuna kioo kilichokuwa safi kama kile katika nchi nzima. Ndege walikuja kujichania mbele yake.

Jantinus alikuwa na farasi kibeti, jike jeusi tii, jina lake Krentje, ndiyo kusema zabibu kavu, na kweli ukimwona shambani ungedhani zabibu imedondoka kutoka kwenye mkate. Mtu mzima akisimama naye, mgongo wa Krentje hauvuki kiuno. Siku moja alitafutwa kutwa nzima akaonekana jioni nyuma ya ndoo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na uzee wake ulikuja na jambo moja: manyoya yalikataa kupukutika. Farasi wengine masika wanajivua majira ya baridi wenyewe, yeye anaingia Juni na koti zima la Januari, anahema kwenye kivuli.

Kila Juni kulikuwa na maonyesho ya farasi vibeti kwenye uwanja wa mpira. Wengine walileta farasi walionyolewa mpaka ngozi inameta, shingo kama za kuchongwa. Jantinus miaka mitatu mfululizo alileta lile koti. Miaka mitatu mfululizo alikuwa wa mwisho. Trientje Wolters, mwenye farasi wa kahawia aliyezoea kushinda, alikuwa na swali lake la kila mwaka: "Jantinus, kondoo hajambo?"

Siku kumi na moja kabla ya maonyesho, saa nne kamili, Jantinus aliingia, akakaa, hakugusa mkate. Akaweka mikono mezani. Ilikuwa inatetemeka mpaka vijiko vikalia.

"Unaona," alisema.

"Naona. Nilidhani ni kahawa yangu kali."

"Kushika mashine ya kunyolea siwezi tena. Mwaka huu joto litamuua Krentje, jirani. Lazima anyolewe. Ninyolee wewe."

Hillegien aliona fahari ikimpanda kutoka magotini. "Nilianza na kondoo, nitamaliza na kondoo. Fupi kiasi gani?"

"Acha vidole viwili."

"Vidole viwili! Huko ni kunyoa au kumpapasa? Mwamuzi atauliza anatoa maziwa au sufu! Wenzako wote wananyoa siku kumi kabla, mpaka chini kabisa, ili mistari ya mashine ijifute na rangi irudi. Nimeona kwa macho yangu. Trientje ananyoa wa kwake mpaka unasoma alichokula."

"Vidole viwili," alirudia Jantinus. "Na ndevu za mdomoni usiguse. Zile ndizo macho yake gizani. Halafu, wanaozikata wanatolewa uwanjani."

"Sawa, ndevu abaki nazo. Mimi mwenyewe ninazo tatu. Lakini vidole viwili ni kwa nini?"

Mzee alitazama mfereji. Bata wawili walipita, na wa tatu.

"Ana kovu. Ubavu wa kushoto. Sitaki lionekane." Akasimama. "Likionekana, Hillegien, Krentje haendi kwenye maonyesho. Na mimi hapa sitakuja tena."

Akatoka. Mkate wake ulibaki kwenye sahani, siagi ikiyeyuka. Yalikuwa zaidi ya maneno kumi na mawili, na Hillegien hakupenda hata moja. Alikaa akitazama kikombe cha pili na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipewa jibu la fupi kiasi gani akataka kulitii.

Asubuhi iliyofuata alikwenda bandani kwa Jantinus na mashine, sabuni na blanketi dogo alilolishona kwa taulo la saluni. Mzee hakuwepo, amekwenda mjini kwa daktari wa mikono. Hillegien akamwosha Krentje mara tatu, maji yakatoka meusi kama kahawa, akamkausha juani. Halafu akapiga magoti na kuyapambanua manyoya ya ubavu wa kushoto kwa vidole, kama alivyopambanua nywele za watu maisha yake yote.

Lilikuwepo. Kovu refu kama mkono, linakwenda kombokombo kutoka mbavuni mpaka tumboni, na juu yake yameota manyoya meupe. Hapo alielewa. Kwa mnyama mweusi alama ya namna hiyo ni kama chaki ubaoni.

Akakaa juu ya ndoo akawaza. Akimnyoa chini kabisa leo, baada ya siku kumi weusi unarudi, na mstari mweupe utasomwa na mtu aliyekaa kijiji cha pili. Angeweza kungoja amnyoe siku moja tu kabla ya maonyesho: farasi mweusi akitoka kwenye mashine anakuwa na rangi ya panya, na kwenye rangi ya panya weupe unazama, hauonekani. Hila nzuri. Aliipenda kwa muda. Lakini Krentje asubiri siku tisa zaidi na lile koti, ulimi nje? Halafu apelekwe mbele ya watu na rangi isiyo yake? Hillegien alikuwa amefunika siri nyingi, lakini zote kwa kunyamaza. Kwa kupaka rangi, hata moja.

"Vidole viwili ni vingi," alimwambia Krentje. "Kimoja. Mimi na wewe tunapatana kimoja."

Krentje akampuliza shavuni. Wakawa wamepatana.

Akachagua meno marefu ya mashine, akanyoa kufuata mlalo wa manyoya, kutoka shingoni kwenda nyuma, maana kwa namna hiyo mashine inapapasa juu juu na kuacha koti fupi. Akamaliza upande wa kulia. Kazi safi. Akahamia kushoto, akanyoa kwa kulizunguka lile kovu kwa heshima. Akarudi nyuma hatua tatu kutazama.

Kulia kulizidi.

Kidogo tu. Mtu mwingine asingeona. Mtu mwingine angefunga mashine akaenda kunywa kahawa. Hillegien akapunguza kulia. Kushoto kukazidi. Akabadilisha meno, akaweka mafupi. Kulia, kushoto. Akageuza mashine, sasa ananyoa kinyume cha mlalo, manyoya yanaanguka kama theluji nyeusi, jogoo akazama mpaka shingo akaokolewa na kuku wake. Jua lilipofika katikati Hillegien alizima mashine, akafuta jasho, akatazama.

Krentje alikuwa amenyolewa chini kabisa. Rangi ya panya, laini kama kikombe, shingo nyembamba ya msichana. Kumbe ndani ya kondoo alikuwepo farasi, na farasi mzuri. Lakini ubavuni kushoto, juu ya kovu, pale alipopazunguka kwa heshima kila mara, pamebaki kiraka cha manyoya meusi, marefu, mduara kama sahani ya keki. Ungedhani mtu ameibandika kofia ya Jantinus ubavuni mwa mnyama.

Na lango likalia. Jantinus huyo.

Alisimama. Hillegien akaificha mashine nyuma ya mgongo.

"Nilisema vidole viwili," alisema Jantinus polepole.

"Ulisema."

"Hicho ni nini?"

"Hicho... hivyo ndivyo vidole viwili."

Mzee hakucheka. Aligeuka, akashika lango, na Hillegien akaiona kahawa ya saa nne ikiondoka naye, asubuhi moja baada ya nyingine, zote zimepanga mstari nyuma ya mgongo wake. Akafungua mdomo kumwita jina, lakini Krentje alimtangulia. Yule bibi kizee, aliyekuwa hata kutembea mpaka kwenye maji ni safari, alihisi upepo kwenye ngozi kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Akatikisika wote. Akapiga teke hewani. Halafu akaondoka mbio, mkia juu, akazunguka uwanja mdogo wa nyuma mara moja, mara mbili, kama mtoto wa farasi aliyezaliwa jana, na ile kofia yake ubavuni ikirukaruka. Mara ya tatu alisimama mbele ya Jantinus, akamtazama, akajamba.

Jantinus alianza kucheka. Alicheka kwa sauti iliyopata kutu, akaegemea lango, akacheka mpaka kofia yake mwenyewe ikamshuka machoni. Hakuiinua. Ilipopita muda Hillegien akaona mabega yanatikisika lakini kicheko hakipo tena.

Akamkalisha juu ya ndoo. Yeye akakaa kwenye majani.

"Siku ya kumzika Roelfien," alisema Jantinus chini ya kofia. "Watu waliondoka jioni. Nikaja kumlisha Krentje. Nikatoka, sikufunga lango. Mwenyewe sijui nilikuwa nafikiri nini. Nikalala na viatu. Asubuhi nikamkuta kwenye seng'enge kule mferejini. Amesimama. Usiku kucha amesimama, Hillegien, hakulia hata kidogo, maana kila akijisogeza inamchana. Alikuwa ananingoja mimi." Akaivuta kofia chini zaidi. "Daktari wa wanyama aliuliza alitokaje. Nikasema sijui. Watu wakasema ni watoto wa barabarani waliofungua lango. Nikawaacha waseme. Roelfien ndiye aliyemlea kwa chupa. Siku moja tu nilimwangalia peke yangu, siku moja."

Hillegien alijua vichwa mia tatu na makovu yake. Hakuna hata kimoja alichowahi kukisema. Alichukua mashine, akaiwasha, akaiweka kwenye mkono wa Jantinus unaotetemeka, na akaushika mkono huo kwa mkono wake.

"Sitaweza," alisema Jantinus.

"Mimi nashika. Wewe nyoa."

Wakapiga magoti wote wawili, magoti manne yakalia kama kuni. Mashine ikatetemeka, mkono ukatetemeka ndani ya mkono, Krentje akasimama tuli kama alivyosimama usiku ule. Kiraka kikaanguka kidogo kidogo. Kilipokwisha, mstari ukawa pale, hafifu, mweupe kwenye rangi ya panya. Jantinus akaupitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Baada ya siku kumi utaonekana vizuri," alisema.

"Utaonekana," alisema Hillegien.

Akamvisha Krentje blanketi, akaenda zake. Jantinus hakusema kama atakuja. Na kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Hillegien aliwajua watu wa namna hiyo: mtu ukishamwona alichoficha, anakaa mbali nawe muda, kama vile wewe ndiwe uliyemjeruhi. Kwa wengine muda huo ni wiki mbili. Kwa wengine ni mpaka kaburini. Kila saa nne alimimina vikombe viwili. Cha pili alikinywa baridi. Kwa siku tisa dirisha lile lilifutwa mpaka kioo kikawa chembamba kama ngozi ya kitunguu.

Siku ya maonyesho alikwenda akasimama kwenye kamba pamoja na wengine. Hakuwa na hakika ya lolote. Farasi watano wameingia, wa Trientje mbele akimeta kama samani. Wa sita hayupo. Hillegien akahesabu tena, labda Krentje yuko nyuma ya ndoo.

Halafu akaja. Weusi umerudi wote, mweusi wa kung'aa, kichwa juu, ndevu zake zote mdomoni, na ubavuni mstari mweupe kama umeme. Jantinus pembeni, suti ya harusi, kofia ya sufu.

Mwamuzi, mama mrefu wa mkoa mwingine, alitembea akapapasa miguu, akatazama meno, akafika ubavuni, akasimama. "Na hili, bwana, limetoka wapi?"

Jantinus alivua kofia. Watu walikuwa hawajakiona kichwa hicho miaka minne, na ilikuwa afadhali: nywele huku ndefu, huku hakuna, kama shamba lililoliwa na sungura.

"Kwangu," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kamba. "Niliacha lango wazi. Si watoto wa mtu. Ni mimi."

Hillegien alimsubiri Trientje na swali lake la kondoo. Trientje alimtazama mzee na kile kichwa. Kisha akasema kwa upole, "Jantinus, sikujua una farasi."

Krentje alikuwa wa tatu. Utepe wake ulikuwa mrefu kuliko mguu wake, akaukanyaga, akaula nusu.

Kesho yake saa tatu na nusu Hillegien hakwenda dirishani. Alijikataza. Alikaa jikoni ameipa barabara mgongo. Saa nne ikapiga, ikapita. Saa nne na dakika tano. Na kumi. Akanyanyua kikombe cha pili akimwage, akasikia mlango wa mbele, si wa jikoni. Akaenda kutazama.

Jantinus alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu, kofia magotini, anajitazama kwenye kioo kama mtu aliyekutana na jamaa wa mbali.

Hillegien alichukua taulo, akamtandikia mabegani. "Fupi kiasi gani?"

"Kama Krentje."

Akakata kulia. Polepole, kwa mkasi, si mashine. Akazunguka, akakata kushoto. Nyuma ya sikio alikuta baka dogo la kahawia, umbo la jani, ambalo mtu mmoja tu duniani aliwahi kulijua. Akalipita. Akarudi nyuma hatua tatu kutazama.

Kushoto kulizidi. Hata Jantinus aliona.

"Kushoto kumezidi, jirani."

"Naona," alisema Hillegien, akauweka mkasi chini, akaenda kuleta kahawa.